Sauti Yangu Ilimwita Mwanangu, na Mimi Sikumwita

Dada yangu Zawadi aliweka telefone yake juu ya cherehani, akabonyeza, akafunga macho.

Sauti ikatoka.

"Mwanangu, miye mama yako. Usiogope. Ule papa wa moto mwenye anasimama hapo, miye namujua, iko mutu wetu. Kamata muzigo yako, panda, kuya naye. Usichelewe. Yote tutasemea nyumbani."

Wasomaji wenzangu, ile sauti ilikuwa yangu! Sisemi ilifanana na yangu. Ilikuwa yangu! Hata kile kikohozi kidogo ninachotoa kabla ya neno la kwanza kilikuwamo. Lakini mimi sikumwita mtoto wangu. Siku ile sikuwa hata na telefone mkononi.

Binti yangu Neema alikuwa ameondoka siku sita kabla. Alipanda moto, yaani pikipiki, ya papa fulani, mwanamume asiyemjua, kwa sababu mama yake alimwambia apande.

Nilikaa chini, katikati ya vipande vya vitambaa vya Zawadi, nikamwambia arudishe. Akarudisha. Nikamwambia tena... na tena... Mara ya tano ndipo nikakumbuka ni lini nilisema maneno yale, na ni nani aliyeniomba niyaseme.

Bon. Nianze nyuma, mpate kuelewa.

Naitwa Asumini. Nina miaka hamsini na moja. Ninakaa Kabondo, hapa Kisangani, lakini wazazi wangu walitoka Maniema. Shule niliiacha mwaka wa nne primaire, kwa hiyo mtanisamehe mahali nitakapokosea. Mume wangu Selemani alikufa Neema akiwa na miaka sita. Sina mtoto mwingine.

Watu wa rika langu hapa Kabondo hawaniiti Asumini. Wananiita Mama Phonie.

Ninyi vijana hamkuijua phonie. Ilikuwa radio kubwa kama sanduku la sabuni, inayokula batri ya gari, na waya mrefu nje, umefungwa kati ya michikichi miwili. Hakukuwa na telefone. Aliyetaka kusema na ndugu yake Banalia, Bafwasende au Kindu alikuja kwangu, akakaa kwenye benchi, akangoja saa yake. Mimi nilishika kipaza sauti na kuita: "Banalia, Banalia, hapa Kisangani, unanipata?" Na kule mbali, katika kelele kama za mafuta yanayokaanga samaki: "Nakupata fort na clair, Mama, à vous!" Yaani nakusikia vizuri, sema wewe.

Ile kazi ilikuwa na sheria tatu, na aliyenifundisha alinipiga vidole kwa kijiti nilipozikosea.

Sheria ya kwanza: unasema kama wewe ndiwe mwenye habari. Sauti za watu wengi zilimezwa na kelele, yangu ilipenya. Kwa hiyo mteja aliniambia sikioni, mimi nikasema hewani. Sikusema "mama fulani anasema amegonjwa". Nilisema "miye nimegonjwa". Batri ilikuwa inakwisha, hakukuwa na nafasi ya kuzunguka. Nimekuwa mama wa watu wengi, nimekuwa baba, nimekuwa mke aliyeachwa! Nimewahi kulia machozi ya kweli kwa ajili ya mume ambaye sikumwona hata siku moja.

Sheria ya pili: hakuna kutaja jina. Msitu mzima ulikuwa unasikiliza. Askari walisikiliza, wezi walisikiliza. Ukisema mtu fulani anapita njia fulani na mzigo, umemuuza. Kwa hiyo tulisema "mwanangu", "yule papa", "ule muzigo". Mwenyewe alielewa.

Sheria ya tatu ilikuwa swali la nyumba. Kabla ya habari ya kifo, au ya kumwita mtu asafiri, wa upande wa pili aliuliza swali ambalo ndani yake mna uongo, na mtu wa nyumba hiyo tu ndiye aliyeweza kuukosoa. Anauliza habari ya nenda, yaani bibi wa nyumba: "Mbuzi mweusi wa nenda ameshazaa?" Wewe ukijibu "ndiyo, amezaa wawili", redio inazimwa. Kwa sababu nenda hakuwa na mbuzi hata mmoja! Alikuwa na kondoo.

Nilimfundisha Neema swali letu angali mdogo, kama mchezo. Alilipenda sana...

Aliyepanda michikichi kufunga waya wangu, aliyechomea radio ilipokufa, aliitwa Crispin. Nalitaja jina lake, silifichi! Crispin, fundi wa Kabondo. Tulikula sahani moja ya pondu miaka mingi. Aliniita Yaya Asu, yaani dada mkubwa. Siku ya msiba wa mume wangu ndiye aliyekwenda kutafuta viti.

Kisha minara ya telefone ikasimama. Katika muda mfupi benchi langu likawa tupu. Mtu atakuja kungoja nini, wakati ana Banalia yote mfukoni? Radio yangu ilikaa chini ya kitanda. Ule waya wa antena nikaanikia nguo. Nililia, ndiyo, lakini Crispin alinicheka.

"Yaya Asu, unalia nini? Watu bado banasema. Ni mashine tu njo imebadilika. Weka meza kando yangu!"

Nikaweka meza. Yeye alitengeneza telefone, mimi nikazichaji kwa panneau ya jua na kuuza mégas, zile bando za intaneti. Bon, na kazi ya zamani ikanifuata. Wamama wasiojua kusoma, wamama wanaoogopa kuongea na kile kioo, walikuja. "Mama Phonie, niwekee audio kwa mutoto wangu." Waliniambia sikioni, mimi nikabonyeza nikasema. Kama zamani! Nikakohoa kidogo kwanza, kisha: "Mwanangu, miye mama yako..."

Watoto waliokuwa mbali waliijua sauti yangu kama kinywa cha mama zao. Hawakushtuka. Waliipenda hata. Mimi nilijivuna. Nilisema moyoni, mashine imebadilika lakini kazi ni ileile.

Hapo ndipo nilipokosea. Hapo!

Neno la phonie lilipita hewani likafa. Mtu alilisikia mara moja, basi. Neno la telefone halifi. Linabaki. Linalala ndani ya kile kisanduku kidogo mwaka na mwaka mwingine, na mtu anaweza kuliamsha na kulituma popote. Nani aliniambia hilo? Hakuna. Mimi niliendelea kusema "miye mama yako", niliendelea kutotaja majina, kama vile msitu bado unasikiliza. Hata siku moja sikufikiri kwamba audio isiyo na jina inaweza kuvaliwa na mtoto yeyote, kama nguo ya soko.

Na lile swali la nyumba je? Niliacha. Mara ya kwanza niliposema mteja na mtoto wake waulizane, Crispin alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kuchomea.

"Yaya! Ile ni mambo ya phonie. Leo numero inaonekana, sauti inasikika. Unataka kumuuliza mutu mbuzi ya nenda yake?"

Wote pale walicheka. Na mimi nilicheka.

Mwaka uliopita kioo cha telefone yangu kilipasuka. Crispin alikibadilisha, na kabla ya kukibadilisha alitoa audio zangu zote akaziweka katika kadi yake. "Zisipotee, Yaya." Nilimshukuru! Nilimpikia likayabu, samaki wa chumvi, na fufu, nikamletea mezani. Alikula akalamba vidole.

Wakati huo kazi yake nayo ilikuwa inakufa. Telefone za sasa zimefungwa kwa gundi, hazifunguki. Vijana wamekuja na mashine ndogo zinazosoma ugonjwa wa telefone zenyewe. Wateja walimpita wakaenda kwao. Nilimwona anakaa asubuhi nzima anafuta meza isiyo na vumbi. Namwelewa, mimi nililipitia lile. Lakini mimi nilipokosa kazi niliuza mtoto wa mtu?

Neema alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimpeleka Banalia kwa Zawadi ajifunze kushona, maana Zawadi ana atelier, chumba cha kushonea, kule na mkono wa Neema ulikuwa mwepesi. Katika miezi mitano alishona koti la mwalimu mmoja, lenye bitana. Alinitumia picha yake na audio: "Mama, angalia kola! Hata tantine Zawadi anaona wivu."

Siku moja mvua iliingia mezani, telefone yangu ikanywa maji. Crispin aliichukua. Alisema ikauke kwanza, nisiiwashe, siku tatu au nne. Nikamwachia, na kadi yangu ya namba ikiwa ndani. Nani asingemwachia?

Siku ya nne alinirudishia imepona. Nilikuwa bado ninaifuta Zawadi alipopiga.

"Yaya, mutoto alifika muzuri? Kwa nini hamuniambie?"

"Mutoto gani?"

"Neema."

"Neema iko kwako, Zawadi."

Zawadi akaanza kusema haraka haraka, kwamba mimi mwenyewe nilimwita, kwamba Neema alimtumia audio yangu yeye Zawadi akiwa sokoni, ili aone ruhusa, kwamba yeye alirudi akamfungia chikwanga mbili za kula njiani. Numero ilikuwa yangu. Sauti ilikuwa yangu. Neema alinijibu: "Mama, ni papa gani? Kuna nini?" Lakini jibu halikuja, na yule mtu alikuwa amesimama uani, injini inanguruma, anasema mama amegonjwa, twende.

Nilipata moto ya kunipeleka Banalia. Njia ilikuwa matope matupu, tulianguka mara nyingi, sikuona maumivu. Na kule, mbele ya cherehani, nikasikia nilichowaeleza mwanzoni.

Wanaume wa bac, kile kivuko cha mto Aruwimi, walimkumbuka. Msichana mwenye kitambaa cha njano, mwenye mfuko wa nguo, nyuma ya mtu mnene mwenye moto nyekundu. Walikwenda ng'ambo, upande ambao si wa Kisangani. Mmoja aliniambia Neema aliuliza, "Papa, Kisangani si iko nyuma?" Na yule mtu akamwambia anapitia kuchukua mzigo kwanza.

Aliuliza! Mtoto wangu aliona! Lakini mama alikuwa amesema usiogope...

Nilirudi Kisangani kama mtu aliyelewa. Maneno yale niliyakumbuka: yalikuwa ya Mama Kahindo, mama wa Kivu ya Kaskazini anayeuza maharagwe, mteja wangu wa siku nyingi. Miaka miwili nyuma alimtuma ndugu yake akamlete binti yake Sifa toka Bafwasende, na mimi nilimwekea ile audio. Sifa alifika salama siku zile, kisha akarudi kwa baba yake mdogo kulekule.

Crispin aliniapia kwamba telefone yangu haikuwaka siku zile, kuna aliyeiba numero, nami nikamwamini kama ndugu; alinishika bega akaninong'oneza: "Yaya Asu, ile audio iko kwa watu wawili tu. Weye, na Mama Kahindo."

Ndugu zangu, nilikwenda dukani kwa yule mama nikamtukana mbele ya wateja wake. Nilimwita mwizi wa watoto. Nilimwaga gunia lake la maharagwe njiani! Yeye alishika rozari yake akanitazama.

"Mama Phonie," alisema, "miye nilikupa maneno ile kwa mudomo. Sina hata telefone ya kuweka sauti. Si weye njo ulitumia na yako?"

Ilikuwa kweli. Nilisikia, na sikutaka kusikia.

Crispin alinisaidia kutafuta. Ndiyo! Alitoa picha za Neema kwenye karatasi, akazibandika mwenyewe bandarini na sokoni. Alisema atafuatilia numero kwa mashine. Alilia kuliko mimi. Watu walisema, angalia ndugu wa kweli.

Miezi saba ilipita hivyo. Nilirudi mezani kwa sababu nyumbani nilisikia sauti. Kila telefone iliyolia nilifikiri ni yeye, na kila mama aliyekuja na kusema "niwekee audio" nilimfukuza. Niliogopa kinywa changu mwenyewe. Nilianza kusema kwa kunong'ona hata sokoni, kununua chumvi.

Kisha siku moja, saa sita za mchana, jua kali, numero nisiyoijua.

Niliitika. Nyuma nikasikia mashine inasaga kitu kigumu. Kisha sauti ya chini sana:

"Kuku mwenye alikuwa analalia mayai nyuma ya batri ya phonie, jina yake nani?"

Lilikuwa swali letu la nyumba, toka Neema akiwa na miaka mitano...

"Haikuwa kuku," nikasema. "Ilikuwa bata. Na haikulalia nyuma ya batri, ililalia ndani ya kiatu ya papa yako. Tuliiita Préfet."

Nikasikia kilio kinazuiwa kwa mkono.

"Mama... ni weye kweli?"

Kisha aliongea mbio, kwa telefone ya kuazima. Alinitajia kituo, machimbo, mwendo wa siku kadhaa ng'ambo ya mto. Mtu wa moto nyekundu aliitwa Gédéon, analeta chakula kwa wachimbaji na kuleta wasichana wa kupika na kusaga mawe, na anayeletwa harudi. Na kisha:

"Mama, Sifa ya Mama Kahindo iko huku. Naye alisikia sauti yako. Audio ingine, lakini sauti yako. Na Gédéon alilewa akajisifu, alisema alipewa sauti tatu. Alisema alipewa na Crispin."

Crispin alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Chuma chake cha kuchomea kinatoa moshi. Ananiangalia.

"Usitaje jina yangu, Mama," Neema alisema, kama aliyemwona.

"Yaya, nani huyo?" Crispin akauliza.

Sijui nguvu nilizipata wapi. Nilisema, "Iko mama moja, anauliza mégas." Na kwenye telefone nikasema kwa sauti, "Ndiyo mama, bado iko. Nitakuletea miye mwenyewe." Nikakata. Nilikaa pale mbele yake mpaka jua likapungua, nikauza, nikarudisha chenji, nikacheka alipofanya mzaha. Kama angejua, angempigia Gédéon, na ningempata mtoto wangu wapi?

Kutoka pale nilikwenda kwa Mama Kahindo. Mguu ulikuwa mzito kama ninavuta mtumbwi. Alidhani Sifa yuko Bafwasende! Kule réseau ya telefone inakuja na kupotea, alizoea kukaa miezi bila habari. Na baba mdogo wa Sifa alidhani ameitwa nyumbani na mama yake. Mimi niliyemwaga maharagwe yake, mimi ndiye niliyepaswa kumwambia.

Hakupiga kelele. Alifunga duka, akakamata viatu vya safari.

"Miye nilikupa kinywa changu," alisema. "Utanirudishia mutoto."

Tulikwenda watatu, mimi, yeye, na Papa Musafiri, mume wa Zawadi, aliyewahi kuuza nguo upande ule. Siku mbili za moto na siku moja ya miguu. Machimbo ni mashimo na mahema, na zile mashine za kusaga mawe zinalia bila kupumzika. Gédéon hakuwako. Wamama wa jikoni walituonyesha kwa macho tu, bila kunyoosha kidole.

Nilimwona kwa mgongo. Nikaita, "Neema! Mwanangu!"

Akakimbia!

Wasomaji, mtoto wangu alisikia sauti ya mama yake akakimbia, akaingia nyuma ya mahema akajificha. Ilibidi ninyamaze. Ilibidi nizunguke nikasimame mbele yake, aone uso, aone mguu wangu wenye kovu. Ndipo akaja, polepole, mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Vidole viwili havikuwamo. Mashine ya kusaga mawe ilivikamata, wiki mbili kabla.

Mkono ule ulioshona kola!

Na Sifa? Gédéon alimhamisha siku moja kabla hatujafika. Wapi? Hakuna aliyejua, au hakuna aliyethubutu. Mama Kahindo aliita jina la mtoto wake kwenye kila shimo mpaka Papa Musafiri akamvuta kwa nguvu, maana watu walikuwa wameanza kutukusanyikia na mmoja ameshashika telefone. Tulikimbia na Neema mmoja. Yule mama alitembea nyuma yetu siku nzima, na kila nilipogeuka aliangalia njia ya nyuma.

Mwisho wa hadithi, mtasema, Crispin yuko gerezani. Hapana!

Nilimshtaki. Alishikwa siku mbili. Bwana aliyekuwa anaandika kesi aliwasha ile audio mbele yangu.

"Mama, sauti hii iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Ilitoka kwa numero ya nani?"

"Yangu."

"Alors?"

Alors! Yaani, kwa hiyo je? Nilieleza phonie, sheria, kadi, maji ya mvua. Alikuwa kijana, hajawahi kuona phonie maisha yake. Aliniangalia kama mama mzee anayechanganya mambo, kisha akasema nichunge sana, maana kwa karatasi zile mwenye kuita wale watoto ni mimi. Na Crispin, kwenye kiti cha pili, aliinama kwa heshima: "Miye ni fundi tu, chef. Natengeneza telefone. Kile chenye watu banasema ndani, kinanihusu?"

Sasa ana moto mpya. Meza yake iko ng'ambo ya barabara, ameandika "Uhamisho wa sauti na picha, haraka". Kazi mpya! Ananisalimia. "Yaya Asu, habari ya mutoto?" Ninaogopa kumjibu na ninaogopa kutomjibu.

Neema yuko nyumbani. Anajaribu cherehani kwa mkono wa kushoto. Nikitaka aje kula siwezi kumwita toka uani, ni lazima niingie chumbani aone uso. Telefone ikilia anatoka nje.

Na mimi ninaogopa kitu kimoja kuliko vyote. Sauti yangu bado iko nje. Niliweka audio za watu miaka na miaka, siwezi kuzihesabu, siwezi kuziita zirudi. Pengine sasa hivi, mahali fulani, mtoto wa mtu anafunga mzigo wake kwa sababu mimi namwambia usiogope.

Ndugu zangu, mnaofanya kazi za zamani kwa mashine mpya, nawasihi. Mashine ikibadilika, kaeni chini muulizane ni desturi gani ya zamani inaweza kuua leo, na ni ipi hamkupaswa kuiacha. Mimi niliiweka ya kuua nikaitupa ya kuponya. Usimkopeshe mtu kinywa chako. Ukituma sauti, taja jina la mtoto, taja siku, taja jina la anayekuja. Na nyumbani kwenu wekeni swali lenye uongo ndani, muwafundishe watoto wakingali wadogo. Wakicheka, wacheke.

Na wewe Crispin, fundi wa Kabondo, najua watakusomea haya. Sikuombi vidole vya mwanangu, havitarudi. Simama mbele ya Mama Kahindo, ambaye bado anakaa mlangoni kwake akitazama barabara, useme Gédéon amempeleka wapi Sifa. Useme!

Kisha ujibu la pili. Ulimpa Gédéon sauti tatu. Ya kwanza ilimchukua Neema. Ya pili ilimchukua Sifa. Ya tatu ulimpa amwite nani? Mtoto wa nani, Crispin? Mama gani hapa mjini anadhani binti yake yuko salama kwa ndugu?

Na wewe mama unayesoma, kama mtoto wako yuko mbali na una muda hujamsikia, usingoje. Tafuta. Ukikuta aliondoka kwa sababu ya audio, isikilize mwanzo wake. Kabla ya neno la kwanza, kama kuna kikohozi kidogo, ni mimi huyo. Njoo Kabondo, uliza Mama Phonie, nitasimama mbele yako nijibu langu.

Lakini pita kwanza ng'ambo ya barabara, umuulize yeye.